Koti la Inspekta Kapasa

"Hajazaliwa mtu wa kunikamata mimi kwa maneno," alisema Zenon, miguu ameipandisha juu ya dashibodi ya gari la sinema. "Na kama amezaliwa, basi bado ananyonya."

Sebastiani, dereva, alimtupia jicho akarudisha macho barabarani. Walikuwa wakitoka Laela kurudi Sumbawanga, vumbi nyuma, upepo wa Ufipa ukiwasukuma ubavuni kama mtu anayeomba lifti kwa nguvu.

"Shusha miguu. Gari la serikali hili."

Zenon akashusha mmoja.

Majivuno yake hayakuwa ya bure kabisa. Gari lile lilizunguka vijijini na filamu za kilimo bora, za maji ya kuchemsha, za mama na mtoto, na mwishoni filamu moja ya kuchekesha ili watu wasiondoke mapema. Zenon, kijana aliyemaliza kidato cha nne, ndiye aliyesimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, akiwaeleza wazee kwa Kifipa kinachotokea. Filamu ikikatika, na hazikuacha kukatika, Sebastiani aliinama kuiunga kwa gundi, naye Zenon akaendelea. Kitambaa kitupu, hadithi inakwenda. Kule Msanzi kuna wazee waliokuwa tayari kuapa kwamba wale mbu wa malaria walifikishwa mahakamani wakafungwa.

"Basi nijibu," alisema Sebastiani. "Yule binti wa Mzee Mbonile umemwambia nini hata akualike kwao kesho?"

Mguu wa pili nao ukashuka.

"Nimemwambia nimefika Kitwe."

"Kitwe ya Zambia?"

"Iko nyingine?"

"Zenon! Wewe Zambia umeishia Mbala. Tena kwa baiskeli yangu. Ukarudi na tairi limepasuka."

"Kwani Mbala siyo Zambia?"

Sebastiani alicheka mpaka usukani ukayumba. Zenon hakucheka. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi pamoja, dereva alimsikia mwenzake akinyamaza kwa hiari yake mwenyewe.

*

Ilikuwa imeanzia ofisini, saa ya chai.

Atuganile alikuwa mpiga taipu wa Idara ya Kilimo. Alikuja na baba yake mkoa ulipoanzishwa. Mzee alikuwa karani mkuu, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika ofisi za migodi ya Kitwe. Binti alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mpaka yule mtu aanze kujikagua vifungo. Lakini ukimgusia televisheni, ukimya ule uliisha.

"Ni kama redio," aliwaeleza wenzake, "ila ina dirisha. Unawaona."

"Wanaingiaje humo?" aliuliza Cornelia, mfagizi, na wote wakaangua kicheko.

Atuganile alizoea kuchekwa. Aliendelea kuwaeleza habari za mchezo mmoja tu, kila siku huo huo: wa Inspekta Kapasa, mpelelezi wa mji wa migodi, ambaye hakuwa na gari wala bastola bali baiskeli na koti moja lililochanika mfuko. Ndani ya mchezo ule mvua haikukatika. Wezi walikuwa wa nyaya za shaba, wauaji walikuwa majirani wa mtu. Kapasa akimkamata mwizi, mkubwa wa mwizi alikuwa anamtazama tu kupitia dirisha la gari, kisha gari linaondoka.

"Kuna siku alizunguka mji mzima kutafuta jina la maiti," alisema Atuganile. "Siyo muuaji. Jina tu, ili azikwe na jina lake. Akalipata, mchezo ukaisha."

"Ukaisha hivyo hivyo?" Cornelia alipiga mwayo. "Hakuna hata ngumi?"

"Hakuna."

"Wimbo je?"

"Hakuna."

"Basi hata mimi ningezima."

"Walizima wengi," alisema Atuganile. "Majirani walikuwa wanajaa kwetu kutazama mieleka na muziki. Ukianza wa Kapasa, wanaaga mmoja mmoja, huyu ana mboga jikoni, yule ana mtoto. Tulikuwa tunabaki watatu. Baba, Mama na mimi. Na lile koti lake lilitugombanisha kila wiki!" Alitabasamu, kisha akaona hakuna aliyekuwa anamsikiliza tena. Cornelia alikuwa anakusanya vikombe. Tabasamu likazimika usoni mwake taratibu, kama taa ya chemli inayoishiwa mafuta.

Zenon alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Aliliona tabasamu lile likizimika, na mdomo wake, ambao siku zote ulikuwa na breki za baiskeli ya kukodi, ukateremka mlima.

"Kapasa?" alisema. "Yule wa koti? Mbona mimi nimemtazama! Nilikwenda Kitwe likizo, kwa mjomba. Nilimtazama toka wa kwanza hadi wa mwisho."

Atuganile aligeuka polepole.

"Hadi wa mwisho?"

"Hadi wa mwisho kabisa."

Alimtazama. Zenon alijikagua vifungo. Macho ya yule binti yalikuwa ya mtu aliyekaa ugenini miaka na miaka, halafu sokoni, nyuma ya magunia, akasikia mtu anasema lugha ya kwao. Wewe msomaji ungeyaona macho yale ungekubali kwamba umefika hata Lusaka.

*

Tangu siku ile walikuwa wakitoka kazini pamoja, wakifuata njia inayokwenda upande wa milima ya Mbizi, katikati ya mashamba yenye matuta ya mviringo, nyasi zimefukiwa chini yake zioze ziwe mbolea. Ukiyatazama kwa mbali utadhani ardhi imetoka vipele vya baridi.

Mbinu ya Zenon ilikuwa rahisi. Alimwacha Atuganile aseme, halafu akamrudishia maneno yake mwenyewe yakiwa yametiwa chumvi.

"Unakumbuka yule mama wa gengeni aliyemficha mwizi?" aliuliza Atuganile.

"Nitamsahauje! Na Kapasa anajua kabisa kwamba amemficha."

"Anajua! Anakunywa chai yake, analipa, anaondoka." Atuganile alisimama njiani. "Kwa nini aliondoka, Zenon? Mama alisema ni huruma. Baba akasema ni uchovu."

"Wewe ulisemaje?"

"Nilisema ni njaa. Nilikuwa mtoto." Akacheka. "Sasa nadhani alitaka yule mama ajue kwamba amejua. Basi. Adhabu yake ni hiyo."

Zenon aliitikia kwa kichwa, na usiku ule maneno hayo yalimlaza chali, macho wazi. Maana hapo ndipo mambo yalipoharibika: alianza kumpenda Kapasa. Kweli kabisa. Alimpenda mpelelezi ambaye hakuwahi kumwona, na mvua ambayo haikuwahi kumlowesha. Kule vijijini filamu ikikatika, alianza kumwingiza. Mbu wa malaria alichunguzwa na mtu mmoja wa koti chakavu, na Laela wakaanza kuuliza gari likifika tu, "Kapasa yuko wapi leo?"

Na kumpenda Kapasa na kumpenda Atuganile kulikuwa kumeshikana kama uzi na sindano. Hakuweza kuchomoa kimoja bila kukipoteza kingine.

Kisha ikaja ile Ijumaa.

Walikuwa wamekaa kando ya shamba la ulezi, upepo umetulia kidogo. Atuganile alikuwa anachuma mabua ya majani na kuyakunja.

"Zenon, nina jambo sijawahi kukuuliza. Nimeliogopa."

"Uliza. Mimi siumi."

"Mwisho wake."

Zenon aligeuza macho kwenye ulezi.

"Sisi hatukuuona," alisema Atuganile. "Ule wa kabla ya mwisho ulimwacha Kapasa mlangoni kwa mdogo wake. Unakumbuka, mdogo wake ndiye aliyekuwa mkuu wa wezi wa shaba. Kapasa amesimama na pingu mkononi, mkono ameuinua abishe hodi. Ikakatika hapo. Mama akasema, 'Hatabisha. Mtu hawezi.' Baba akasema atabisha. Wakabishana mpaka chakula kikapoa." Alikunja bua jingine. "Wiki ile ile Mama akaugua, na kabla wiki haijaisha alifariki. Nyumba ikawa ya matanga. Televisheni tuliigeuza ikatazama ukuta, shangazi akaifunika kwa kitenge cha Mama. Siku ya mchezo ilipofika, watu wamejaa sebuleni wanalia, mimi nimekaa nakitazama kile kitenge. Najua nyuma yake Kapasa yuko mlangoni. Na siwezi kugusa."

"Hawakurudia?"

"Hawakurudia. Nani angedai warudie? Tuliokuwa tunautazama ni sisi." Akamgeukia. "Na wewe. Basi niambie. Alibisha?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema kweli, na Zenon alipajua kama mtu anavyojua kituo chake cha basi. Lakini basi lilikuwa kwenye mteremko. Alimtazama yule binti aliyebeba swali la marehemu miaka yote hiyo, akaona kwamba kumwambia "sijui" ni kuifunika tena televisheni kwa kile kitenge.

"Alisimama muda mrefu," alianza, sauti chini. Hakutumia sauti yake ya kipaza sauti. "Mvua inanyesha. Hakubisha yeye. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Mdogo wake ametokeza, amevaa fulana tu, anatetemeka. Wakatazamana. Halafu Kapasa akavua lile koti lake jekundu, akamvika mdogo wake mabegani, akalifunga vifungo kimoja kimoja kama mama anayempeleka mtoto shule. Ndipo akamtia pingu. Wakaondoka kwa miguu, Kapasa analowa."

Atuganile aliyaachia mabua yaanguke. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Koti gani?" aliuliza mwishowe.

"Lile lile. Jekundu."

Alimtazama. Mtazamo huo Zenon hakuwahi kuuona. Haukuwa wa furaha wala wa huzuni, ulikuwa kama wa mtu anayepima kitambaa kwa macho kabla ya kukikata. Kisha akaushika mkono wake, kwa mara ya kwanza, akaubana.

"Jumapili uje nyumbani. Umsimulie Baba."

"Baba yako hanitaki mimi, Atu. Unajua."

"Najua. Anasema Mfipa, Mkatoliki, na kazi yake kupiga kelele gizani. Na kule Tukuyu ameshazungumza na kina Nikodemo, yule mwalimu anayenichumbia. Ng'ombe wameshatajwa." Akaubana tena mkono wake. "Lakini Baba hajawahi kulitaja jina la Kapasa tangu tumzike Mama. Na mimi hajaniuliza kama namtaka huyo mwalimu. Njoo."

*

"Kaseme kweli," Sebastiani alimshauri walipofika karakana.

"Nikisema kweli nitabaki na nini?"

"Utabaki na wewe."

"Huyo hatoshi," alisema Zenon, na hakuwa anatania.

Jumapili baada ya misa, mama yake, Albina, alimfungia migebuka mikavu ya Kasanga kwenye gazeti. "Wanyakyusa wanakula ndizi," alisema. "Wape samaki, wajue wamefikiwa na watu." Kisha akamrekebisha kola na kuongeza, kwa sauti nyingine, "Na kama huyo binti hatakuja kwa padri, usiniletee habari."

Njiani Zenon alikata shauri. Atasema kweli. Ataingia, ataamkia, ataweka samaki, atasema, Mzee, mimi ni mwongo. Alilifanyia mazoezi neno hilo mpaka likawa jepesi mdomoni.

Nyumba ilikuwa ya serikali, sakafu imepigwa nta nyekundu inang'aa. Mezani kulikuwa na redio iliyofunikwa kitenge cha maua, rangi imepauka kwa kufuliwa. Viti vitatu vya mbao vilizunguka meza. Kimoja kilikuwa na mto uliofumwa, na hakuna aliyekikalia. Zenon alionyeshwa kigoda karibu na mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee Mbonile alikuwa mwembamba, suti ya kanisani bado mwilini. "Kwa hiyo wewe ndiye unayewasemea watu wa kwenye filamu."

"Ndiyo, mzee. Na ng'ombe pia. Tunayo filamu ya majosho."

Mzee hakucheka. Atuganile alikuwa anamimina chai, na kijiko kililia kwenye kikombe zaidi ya ilivyolazimu.

"Nitasema bila kuzunguka," alisema Mbonile. "Binti yangu amenyamaza mbele ya watu wa Tukuyu. Mtoto wangu hakuwa mtu wa kununa. Nimemuuliza sababu, akaniambia, msikilize kwanza Zenon. Nimekusikiliza mara moja Laela, nikiwa safarini. Unasema vizuri. Lakini wasema vizuri nimewaona wengi, na mabinti wa watu wengi wamelia kwa ajili yao." Akakohoa. "Anasema uliuona mwisho."

Sasa, Zenon. Sasa.

Alifungua mdomo. Mzee alikuwa amevua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa mtupu, na amejisogeza mbele ya kiti kidogo tu, kama mtu asiyetaka ionekane kwamba amejisogeza. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa meza. Kumbe mzee naye alikuwa mlangoni miaka yote ile, na mkono ameuinua.

Lile neno jepesi likageuka jiwe.

"Ndiyo, mzee," alisema Zenon. "Niliuona."

"Sema."

Akasema. Hakuwahi kusimulia vizuri vile, wala Msanzi wala Laela. Alileta ile barabara ya matope, taa moja ya mgodi mbali, baiskeli imeegemezwa ukutani. Atuganile aliacha kumimina. "Amesimama mlangoni. Pingu ziko mkononi. Mvua inamnyeshea, maji yanachuruzika toka kwenye kola ya koti lake jekundu mpaka—"

"Koti lake nini?"

Zenon alisimama kama filamu iliyokatika.

"Jekundu, mzee."

"Nani alikuambia ni jekundu?"

"Niliona kwa macho yangu mwenyewe."

Upepo ulipita kwenye bati. Mzee Mbonile alirudisha miwani yake usoni taratibu kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukabaki mezani.

"Kijana, wewe umezoea kitambaa chako cha sinema," alisema. "Televisheni zetu hazikuwa na rangi. Kila kitu cheusi na cheupe: mvua, damu, koti, vyote. Kila wiki tulibishana kule Kitwe, kwenye viti hivi hivi. Mimi nilisema lile koti ni la kijivu. Huyu alisema buluu. Duniani kote kuna mtu mmoja tu aliyeliona jekundu." Aligeuza macho kwenye kile kiti chenye mto. "Naye tulimzika Kitwe."

Zenon alitafuta mzaha. Alitafuta mdomoni kote, chini ya ulimi, nyuma ya meno. Hapakuwa na kitu.

Mbonile alimgeukia binti yake. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua tangu Ijumaa, Baba."

"Ukamleta nyumbani kwangu anidanganye."

"Nimemleta usikie kama nilivyosikia mimi." Atuganile alikuwa ameshika birika kwa mikono miwili. "Hakuna aliyemwambia, Baba. Mimi sikumwambia. Alisema jekundu mwenyewe. Nilidhani nitakasirika. Badala yake nilimsikia Mama akikucheka, na hujachekwa humu ndani siku nyingi."

Bega moja la mzee lilitikisika, na Zenon hakuweza kujua kama ni kicheko au ni kitu kingine.

"Wewe," alisema hatimaye, bila kumtazama. "Umefika wapi, kwa kweli?"

"Mbala, mzee."

"Kufanya nini?"

"Kununua sabuni. Kwa baiskeli ya kuazima."

"Na mwisho wa Kapasa?"

Zenon aliinamisha kichwa. Neno likatoka, zito, bila chumvi.

"Siujui, mzee."

Mbonile alinyoosha mkono, akauondoa ule mto kwenye kiti, akauweka mapajani mwake. Kisha kwa mguu akakisukuma kile kiti kutoka mezani, kidogo tu, upande wa mlangoni.

"Hata sisi hatuujui," alisema. "Toka hapo kwenye kigoda. Tumekuwa watatu."